Ufunguo mpya, kufuli la zamani: mbona halifunguki?

Wengi wanaofika mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huja na kisa kilekile. Kufuli ni la miaka mingi, funguo zilikuwa mbili, mmoja umepotea. Uliobaki wakaupeleka mahali ukachongewa wa akiba, na huo wa akiba haufungui. Wameshaambiwa kufuli limechoka, wakanunue jingine. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kufuli halina neno. Ufunguo uliofuatishwa ulikuwa umeshalika, na mashine ikafuatisha mpaka ule ulaji wake.

Nitazipitia dalili kama ninavyozipokea mezani. Ila yapo mambo mawili ya kufanya kabla hujashika tupa.

Kwanza, ufunguo mpya hujaribiwa kufuli likiwa wazi. Lishike mkononi, zungusha ufunguo mara kumi. Kisha libane likiwa bado mkononi, fungua, bana tena. Likikubali hivyo mara kadhaa ndipo lirudi mlangoni. Niliwahi kuitwa usiku nikate kufuli la geti kwa msumeno wa chuma, kwa sababu mwenyewe alilibana kwanza ndipo akaanza kujaribu ufunguo wake mpya, na ule wa zamani kauacha juu ya kabati ndani ya nyumba hiyohiyo.

Pili, lioshe. Huku pwani hewa ina chumvi, shaba inaota ukijani, chuma kinashika kutu, vumbi linajaa. Tia mafuta ya taa kidogo tunduni, ingiza ufunguo na kuutoa, ufute, rudia hadi utoke msafi. Lianike likauke kabisa. Halafu kwangua risasi ya penseli laini iwe unga, paka kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Mafuta ya kupikia usiyatie. Siku ya kwanza yanateleza kweli, miezi michache baadaye yameshikana na vumbi yamekuwa gundi, na mimi ndiye nitakayeyakwangua. Yapo makufuli yanayopona hapohapo kwenye kuoshwa, na ufunguo uliotukanwa njia nzima ukaonekana hauna kosa.

Lijue kwanza ni la aina gani

Tazama ufunguo wake. Ukiwa bapa, una mfereji ubavuni na meno kama milima upande mmoja, hilo ni kufuli la pini. Ndani mna silinda, kile kipande cha duara kinachozunguka na ufunguo, na juu yake pini nne au tano, kila moja vipande viwili, zikisukumwa na springi. Ufunguo sahihi huzinyanyua mpaka pale vipande vinapoachana pakawa sawasawa na ukingo wa silinda, kwa pini zote kwa pamoja, ndipo silinda ikazunguka. Mmarekani Linus Yale mdogo alipata hataza, yaani haki za uvumbuzi, za mtambo huu mwaka 1861 na 1865, na kufuli la shaba unalonunua leo dukani bado linafuata kazi yake. Kwa mengi, hatua moja ya kina cha jino na inayofuata hupishana kama nusu milimita. Ukikosea kwa robo milimita umeshafika nusu ya njia kwenda kwenye jino jingine.

Ufunguo ukiwa wa duara, una ulimi uliotokeza ubavuni na pengine tundu kwenye ncha, hilo ni kufuli la vibamba. Ni yale mazito ya India na Uingereza, usoni yamegongwa "6 LEVERS" au "7 LEVERS", yaani vibamba sita au saba. Hayo nitayarudia, yana mambo.

Na ukiwa kipande cha bati bapa kilichokatwa mikato ya mraba pande zote mbili, hilo ni kufuli la vizuizi. Hamna pini humo. Kuna mabamba yaliyosimama njiani kuuzuia ufunguo usio na mikato yake, na springi inayoubana upinde, ule mkono wa chuma unaopita kwenye komeo. Inayofanya kazi ni ncha peke yake, mikato mingine ni ya kupitia tu. Ndiyo sababu bati lililochongwa likabaki shingo na ncha linafungua makufuli mengi ya namna hii, na huo ndio ufunguo malaya mnaousikia. Ukiwa na kitu cha maana stoo, usikilinde kwa kufuli hili.

"Unaingia vizuri, ila hauzunguki"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote, na hapa nazungumzia kufuli la pini. Usianze kupiga tupa. Laza ufunguo mpya juu ya ule wa zamani, mabega yakae sawa, uinue kwenye mwanga. Bega ni pale ufunguo unapopanuka karibu na kichwa, ukigota hapo hauendi mbele tena.

Ukiona mabonde yote yamesogea upande mmoja, kosa ni la kuubana vibaya kwenye mashine. Yakiwa yamesogea kuelekea kichwani, una bahati. Punguza bega kwa tupa, kidogo kidogo, ufunguo uzame zaidi, na pini zitaangukia mabondeni. Yakiwa yamesogea kuelekea nchani, chonga mwingine. Chuma kilichoondoka hakirudishwi. Na kumbuka kwamba funguo nyingine hazina bega, zinagota kwa ncha. Hizo hupangwa mashinani kwa ncha, na anayezipanga kwa kukisia huzikosa.

Pengine mabonde yako mahali pake na funguo mbili zinalingana kama pacha, ilhali ule wa zamani nao ulikuwa wa kubembeleza, mara uuvute kidogo, mara uutikise. Huo ni ulaji. Tazama vilele vyake, vimeviringika na vinang'aa kama ukingo wa sarafu kuukuu. Mabonde nayo yameshuka kwa miaka ya kuingia na kutoka. Pini zinakaa chini kuliko zilivyokusudiwa, na zamani ulikuwa ukifungua kwa sababu mkono wako umezoea kuunyanyua. Mashine haina mkono huo. Inafuatisha upungufu kama ulivyo, na kosa lake dogo inaongeza juu. Nakala ya nakala ndiyo mbaya zaidi.

Dawa yake ni kulisoma kufuli lenyewe. Chukua ufunguo usiochongwa wa aina ileile. Weka mabonde mahali pake kwa kuufuata wa zamani, lakini kila bonde liache juu kidogo, robo milimita hivi. Kisha sugua kingo za juu kwa tupa laini mpaka ziwe na sura moja, bila mikwaruzo. Ingiza, zungusha kwa nguvu ya wastani, na huku umeuzungusha hivyo utikise juu na chini mara mbili tatu. Utoe, uinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Pini iliyobanwa imeacha alama, kidoa kidogo kinachong'aa, kama jicho la sisimizi. Piga tupa hapo, mara mbili, basi. Pasipo na alama usipaguse. Sugua tena, ingiza, zungusha, tazama. Bonde lililofikia kina chake huacha kutoa alama, na siku hiyo ukiwa na subira, kwenye duru ya sita au ya kumi silinda itazunguka ghafla mpaka ushtuke.

Wanaoharibu hapa ni wale wanaopiga tupa ya tatu "kumalizia". Nami nimo. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilijaza kopo la maziwa kwa funguo zilizozidishwa tupa moja.

Chanzo cha tatu ni kipande kisicho chake, yaani ufunguo mpya umechongwa kwenye kipande cha aina nyingine. Mfereji unafanana lakini ni mwembamba, ufunguo unacheza kulia na kushoto, unazama chini ya tundu, na meno yote yanakuwa chini kwa pamoja. Kipimo chake ni chepesi: zungusha huku ukiunyanyua kwa kidole. Ukifungua hivyo, usihangaike na meno. Tafuta kipande chenye mfereji wake. Na usidanganyike na namba kubwa iliyogongwa usoni mwa kufuli ukadhani ndiyo ya meno. Mara nyingi hiyo ni ya ukubwa au aina tu. Namba ya meno, ikiwapo, utaikuta imegongwa ndogo kwenye kichwa cha ufunguo.

"Hauingii", au "unaishia katikati"

Pitisha kidole ubavuni mwa ufunguo mpya. Ukikukwaruza, ni manyoya ya chuma yaliyoachwa na mashine. Yaondoe kwa msasa laini, kazi ya dakika moja. Usipokukwaruza, chungulia tunduni kwa tochi. Nimekuta vichwa vya viberiti, nimekuta gundi aliyotia mtoto wa jirani, na kwa makufuli ya shamba nimekuta nyumba za nyigu. Nyigu wa udongo analipenda tundu la kufuli lililokaa kimya. Anajenga, anataga yai lake, anaziba kwa tope. Loweka, chokoa kwa waya mwembamba, usisukume kwa ufunguo, maana udongo ukishindiliwa nyuma ya pini ya mwisho unakaa huko.

Kama ufunguo umekatikia ndani, usiingize mwingine kuusukuma, na usithubutu ile hila ya kubandika kijiti kwa gundi ya haraka. Gundi inapenda pini kuliko inavyopenda kijiti. Chukua ulimi wa msumeno mwembamba wa kukatia mbao za urembo, meno yake yakitazama nje, uuingize kando ya kipande, uzungushe kidogo ushike, uvute. Silinda iwe imekaa wima kabisa mahali pake pa kuanzia, la sivyo pini zitakishikilia kipande hata ukivute na trekta. Vipande vyote viwili usivitupe. Vikilazwa pamoja na kuunganishwa vizuri, vinatosha kuonyesha mabonde yalipo.

"Unazunguka, upinde hauruki"

Hapo ufunguo umemaliza kazi yake. Angalia mlango wenyewe: umeshuka, unavuta komeo, na komeo linavuta upinde. Sukuma mlango ndani, lilegeze kufuli, ndipo uzungushe. Kama upinde ni mkavu kwa kutu, tia mafuta mepesi kwenye matundu yake mawili, usubiri, kisha uubonyeze chini kwanza kama unalifunga, zungusha ufunguo, uachie. Kugonga ubavuni kwa kipande cha ubao kunasaidia. Nyundo ya chuma haisaidii.

Weka sumaku karibu nalo pia. Kufuli linalong'aa kama dhahabu likanasa sumaku mwilini, ni chuma kilichopakwa, na kutu yake inaanzia ndani usikoiona. La namna hiyo silichongei ufunguo. Namwambia mwenyewe ukweli, gharama yangu itakaribia bei ya jipya.

"Hauchomoki"

Je, kufuli liko wazi? Yapo makufuli yanayoushika ufunguo makusudi mpaka uyabane, ili usiliache wazi ukaondoka na ufunguo mfukoni. Mtu mmoja alikuja amefungia koleo kwenye ufunguo wa kufuli kama hilo, jasho linamtoka. Nikabonyeza upinde chini, nikauchomoa kwa vidole viwili. Hakunilipa, na sikumdai.

Kama si hivyo, tazama kuta za mabonde. Zikisimama wima kama kuta za kisima, pini inaingia na kushindwa kupanda kutoka. Zilaze mteremko kwa tupa ya pembetatu, bila kugusa sakafu ya bonde.

"Siku linataka, siku halitaki"

Bibi mmoja aliniletea kufuli la kasha, la chuma, zito kama jiwe la mizani, 6 LEVERS, na kifuniko kidogo cha shaba kinachozunguka kuziba tundu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hili alikuwa nalo marehemu babu yenu. Ufunguo ninao, lakini siku linataka, siku halitaki."

Ulimi wa ufunguo ulikuwa umelika kweli. Nikamchongea mpya kwa mkono, kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nusu siku nzima. Ukafungua pale mezani mara tano mfululizo. Kesho yake karudi. Nikapunguza hapa, nikalainisha pale, ukafungua. Kesho kutwa karudi. Nikachonga mwingine. Mara ya tatu akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwa upole wa mtu anayemwonea fundi haya:

"Mwanangu, mie nyumbani huwa nalipindua. Likining'inia halitaki. Nikilipindua kichwa chini, linafunguka."

"Bibi, mbona hukuniambia toka mwanzo?"

"Uliniuliza habari za ufunguo."

Ilinibidi nicheke. Ndani ya kufuli la vibamba mna mabamba membamba yaliyopangwa kama karata, kila moja na springi yake, kila moja na mlango mdogo uliokatwa ndani yake. Vidato vya ulimi wa ufunguo huvinyanyua vibamba mpaka milango yote ipangane, kigingi kinachoushikilia upinde kipite. Tangu Mwingereza Robert Barron alipopata hataza yake mwaka 1778, kibamba kikinyanyuliwa mno nacho kinazuia, sawa na kisiponyanyuliwa vya kutosha. Kazi ya springi ni kukirudisha kibamba kikae juu ya ulimi. Springi ikikatika, kibamba kinakwenda kunakotaka uzito. Hapo ufunguo uwe mpya, uwe wa zamani, jibu linategemea umelishikaje kufuli. Mezani kwangu nilikuwa nikililaza.

Kwa hiyo kufuli la vibamba likiwa na hali hii, lijaribu ukiwa umelining'iniza, umelilaza, umelipindua. Majibu yakitofautiana, usichonge kitu. Lifungue tumbo.

Nililikata vichwa vya ribiti upande wa nyuma kwa tupa, nikazitoa kwa tindo nyembamba, nikalinyanyua bamba la mgongo. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote, kwa sababu mpangilio wa vibamba ndio ufunguo wenyewe. Springi mbili zilikuwa zimekatika kwa kutu. Nikakata vipande vya utepe wa chuma kutoka saa ya ukutani iliyokufa, nikavibana mahali pake, nikasugua vibamba kwa mafuta ya taa. Na likiwa wazi hivyo, kuchonga hakuna kubahatisha. Unaingiza ufunguo, unazungusha polepole, unaona kwa macho mlango wa kibamba gani umepita juu ya kigingi. Hicho ndicho kidato cha kupunguza. Ukibaki chini, kidato kimeshapunguzwa mno, anza ulimi mwingine. Angalia pia kina cha tundu la kwenye ncha ya ufunguo. Likiwa fupi, ufunguo haukai mpaka mwisho kwenye pini yake, na vidato vyote vinaangukia kibamba cha jirani. Mwisho nikarudishia ribiti kwa misumari laini iliyokatwa na kugongwa ikatanda.

Bibi alilijaribu akiwa amelining'iniza kwa kidole. Likafunguka. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akaniuliza ule wa kwanza niliomchongea una kasoro gani. Nikamwambia hauna, akauchukua nao.

Ukiwa huna ufunguo kabisa

Kwa kufuli la vizuizi, kata bati linaloingia tunduni, lipitishe juu ya kibatari mpaka lishike masizi pande zote, liingize, lizungushe kwa upole. Masizi yatakwanguka pale linapogonga vizuizi. Kata hapo. Kwa la vibamba, njia ni ile ya kulifungua tumbo. Kwa la pini, alama za jicho la sisimizi zinaweza kukufikisha hata bila ufunguo wa kufuatisha, ila mikono iwe imezoea.

Nami kwa kazi hii huuliza. Kufuli ni la nini, liko wapi, nani mwingine anajua. Anayekuja na kufuli lililobanwa bado likiwa na kipande cha mnyororo uliokatwa, namwomba aje na mjumbe wake. Wengine hawarudi.

Ufunguo wa kwanza utakaokubali usiutumie mlangoni. Uandike, uuweke kando na unga wake wa penseli, na kila ukihitaji mwingine, peleka huo mashinani.